Jeti, Propela na Nafasi ya Kwanza

Kituo chetu cha majani kiko kando ya barabara ya murram, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Roret. Ni paa la mabati juu ya nguzo, sakafu ya saruji, meza ndefu za neti za kumwagia majani, na ndoano ambapo karani hutundika mizani yake. Hakina kuta. Mvua ikija na upepo, watu wote husogea katikati na kuvuta magunia yao. Hapo ndipo tunangoja lori la kiwanda kila siku ya kuchuma, na kwa kuwa lori halina saa maalum, hapo ndipo maneno mengi ya kwetu husemwa. Wakipsigis wako, Wakisii wako, na mwenye duka la ng'ambo ya barabara ni mtu wa Murang'a, kwa hiyo kituoni tunazungumza Kiswahili, kila mtu na chake.

Mimi sikuwa mtu wa kuzungumza. Nilimaliza darasa la nane nikaanza kuchuma na mama, na sikurudi shuleni tena. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu langu lilikuja wakati wao wameshaingia jambo lingine. Hata kuandika naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua alasiri nzima. Basi nilizoea kukaa juu ya gunia letu na kusikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule ndege za vita zilipopita juu yetu.

Zilipita kwa sababu sikukuu ya taifa ilikuwa inafanyiwa Kericho mjini, na siku kadhaa kabla yake marubani walikuwa wakifanya mazoezi. Mama na mimi tulikuwa katikati ya chai, vikapu mgongoni, tuliposikia kitu kama bati refu linararuliwa kutoka mwisho mmoja wa mbingu hadi mwingine. Mama alilala kifudifudi kati ya mistari. Mimi nilitazama juu pale sauti ilipokuwa, na hapakuwa na kitu. Jeti ilikuwa imeshafika mbali upande wa Sotik, ndogo kama kisu, na sauti yake ndiyo kwanza inatufikia. Mama aliinuka, akapangusa aproni yake ya nailoni, akaokota majani yaliyomwagika. Alisema tu kwamba anayeendesha kitu kama kile hana mama. Jioni ile ng'ombe wa jirani alibana maziwa, na jirani aliilaumu serikali.

Alasiri hiyo kituoni watu walizungumzia jeti tu. Kulikuwa na mzee mmoja Mkipsigis ambaye kila mtu alimwita Kugo, yaani babu, hata wale wasiokuwa wa kabila lake. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha miguu mitatu, mbele kabisa, karibu na mizani. Alingoja watu wamalize kushangaa, kisha akavua kofia yake na kuiweka gotini.

"Hiyo ikikutana na ile yetu," akasema, "haitarudi nyumbani."

Ile yetu tuliijua wote, kwa sababu alikuwa ameisimulia mara nyingi. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika shamba kubwa la chai la wazungu, upande wa Kericho, na shamba hilo lilikuwa na uwanja mdogo wa ndege wa nyasi. Ndege ya propela ilikaa pale kwa ajili ya mvua ya mawe. Mawingu meusi yakikusanyika, rubani alipaa akaingia kwenye wingu na kuwasha fataki za dawa zilizofungwa kwenye mabawa, ili mawe yageuke mvua ya kawaida kabla ya kuangukia chai. Kazi ya Kugo ilikuwa kufunga zile fataki. Rubani alikuwa mzungu mwenye mvi aliyewahi kupigana vita vikubwa akiwa ndani ya ndege za propela, na siku zisizokuwa na mawingu alikaa na Kugo kwenye nyasi akimwonyesha kwa mikono namna ndege mbili zinavyowindana: huyu anageuka, yule anageuka zaidi, mpaka mmoja anajikuta nyuma ya mkia wa mwenzake. Mkono wa kushoto ulikuwa adui. Kugo alikuwa bado anafanya vile na mikono yake mwenyewe, zaidi ya miaka hamsini baadaye, akiwa na chai katika kucha.

Aliyemjibu siku hiyo ni kijana wa bodaboda, mkubwa wangu kwa miaka mitatu hivi. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na ndani yake mchezo wa ndege za vita. Katika mchezo huo ungeweza kuchagua ndege ya zamani au ya sasa, na alikuwa ameziendesha zote.

"Kugo, pole," akasema. "Ile yenu ni mashine ya kusaga posho iliyofungwa mabawa."

"Mashine ya posho ndiyo inayokulisha."

"Kunilisha, sawa. Sasa hapa tunapigana."

Watu walicheka, na pale ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Wiki tatu nzima, kila siku ya kuchuma, walianzia walipoachia. Kijana alisema jeti ina rada, inamwona adui aliye mbali kuliko kutoka hapa mpaka Kaplong. Kugo akasema rada ni ya kumwona mtu, bado hujamgusa. Kijana akasema kombora linafuata moto wa injini. Kugo akasema injini ya propela ina moto mdogo, kombora litafuata jua. Kijana akasema jeti ina mwendo. Hapo Kugo alifurahi, kwa sababu mwendo ndio ulikuwa ushahidi wake: mwenye mwendo hawezi kukata kona. Akainua mikono. Propela inageuka hapa, ndani ya shamba moja. Jeti ikitaka kugeuka lazima izunguke Chepilat kwanza, na ikirudi itakuta propela imeshakaa nyuma yake inaisubiri. Kila upande ukawa na watu wake. Mwenye duka alikuwa wa jeti, na wamama wengi walikuwa wa propela kwa sababu ya ile siku ng'ombe alibana maziwa.

Sasa lazima nieleze habari ya foleni, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuelewa kilichonipata.

Kituo kimejengwa juu ya kipande cha shamba la Kugo. Alikitoa mwenyewe wakati watu walipokuwa wakibeba majani mpaka barabara kubwa, na siku kilipofunguliwa watu walikubaliana kwamba majani yake yatapimwa ya kwanza daima. Haikuandikwa popote. Wengine wote hupimwa kwa jinsi walivyofika. Lakini sisi hatukuwa wengine wote. Mama alitoka upande wa Kisii kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, na baada ya baba kufariki alikodi shamba dogo la chai kutoka kwa Kugo. Kugo alisema majani yanayotoka kwenye shamba lake ni majani ya shamba lake, kwa hiyo mama akawa anapima nyuma yake, hata tukifika wa mwisho. Hakuna aliyelalamika. Tulizoea kuchuma mpaka saa tisa, tukala viazi, tukaenda kituoni tukitembea taratibu huku wengine wakikimbia.

Miezi mingine foleni haina maana kubwa. Lakini mvua ikinyesha vizuri na jua likatoka, chai huchipuka yote kwa wakati mmoja, na kiwanda kinazidiwa. Lori linakuja limeshajaa nusu kutoka vituo vingine, linachukua linachoweza, linaondoka. Walio nyuma wanabaki na majani yao. Majani yakikaa ndani ya gunia yanaanza kupata joto, yanageuka mekundu kwenye mikunjo, na kesho yake karani hawezi kuyapokea. Unayamwaga. Siku nzima ya mikono miwili unaimwaga chini ya miti ileile ulikoitoa.

Mama wa yule kijana wa bodaboda alikuwa na goti baya. Alifika kituoni polepole, mara nyingi wa ishirini au wa ishirini na tano, akasimama mpaka giza kwa sababu akiketi hawezi kuinuka bila kushikwa. Alikuwa ameshamwaga mara mbili msimu ule. Nadhani ndiyo sababu kijana hakucheka siku ile alipoleta lile neno.

"Kugo, tuache mdomo," akasema. "Tuweke kitu. Jeti ikishinda, mama yangu anachukua nafasi yako ya kwanza, na wewe unapanga foleni kama wengine. Propela ikishinda, nabeba magunia yako kwa pikipiki mpaka mwaka uishe, na mafuta ni yangu."

Nilitarajia Kugo atakataa. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu kwa wiki tatu, na mikono yake ilikuwa bado hewani, mmoja nyuma ya mwingine. Akasema sawa. Kisha wakatafuta jaji. Karani akasema yeye hupima majani tu. Mwenye duka alikataliwa kwa kuwa anajulikana ni wa jeti. Kila aliyetajwa alikuwa ameshasema upande wake. Mwishowe Kugo akanyoosha kidole akanionyesha mimi.

"Huyu?" kijana akasema. "Mama yake anapima nyuma yako. Atasema propela kabla hujamaliza kuuliza."

"Huyu hawezi kusema uongo," Kugo akajibu. "Kusema tu kwenyewe ni shida."

Walicheka sana, na mimi nilicheka pia, nikitazama gambuti zangu. Kijana alinipima kwa macho. Kisha akasema, haya, jaji ni huyu, mpaka Ijumaa. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa kamba, ingawa alikuwa ameshaufunga.

Nilikuwa na siku tatu. Nilichukua daftari langu la zamani, lile la hesabu, na nyuma yake nikaandika maswali. Nilitaka kuwauliza wote wawili maswali yaleyale.

Nilianza na kijana. Nilimpata stejini, pale bodaboda hungoja abiria, akanipa simu bila kinyongo na kunionyesha pa kubonyeza. Kila ndege niliyopewa niliiangusha mwenyewe bila msaada wa adui. Basi nikamwomba acheze yeye, nitazame. Kwanza nikamwambia achukue jeti, aifuate propela kila inapogeuka, asiiache. Alijaribu mara nne. Kila mara alilazimika kupunguza mwendo, na akipunguza sana jeti ilikosa nguvu ya kukaa juu na kuanguka kama jiwe. Mara moja propela ilimpiga. Alikasirika akasema hakuna rubani mwenye akili angepigana hivyo. Nikamuuliza angepiganaje. Akaipeleka jeti juu, mbali, mpaka ile propela ikawa doa tu, akatuma kombora, likakosa. Akaenda mbali zaidi, akazunguka, akarudi kutoka upande mwingine, akapiga, akapita. Propela ilipigwa ikiwa bado inakwenda mbele sawasawa. Haikuwa imegeuka hata kidogo. Nikaandika hilo.

Nikamwambia simu ni simu, labda aliyeitengeneza anapenda jeti. Akafikiri, akasema twende uwanjani.

Uwanja wa mpira wa shule uko karibu na steji. Aliokota mapera mabichi, akayatia mfukoni, akapanda pikipiki. Mimi nilikuwa propela, kwa miguu. Alinikimbiza, nami nikakaa karibu na goli nikizunguka nguzo. Hakuweza. Kila akifika nilikuwa upande mwingine, na akitaka kukata kona pikipiki ilitereza kwenye nyasi. Watoto waliokuwa wakicheza pale walisimama kushangilia, na nakiri nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Nilishika nguzo nikapumua. Sikumwona tena. Nilisikia injini upande wa barabara, nikajua anageuza, nikageuka kuwatazama watoto, na pera likanipiga sikioni. Alikuwa amesimama nje ya ua, pikipiki inanguruma, hatua thelathini kutoka kwangu.

Nilimwambia hiyo si haki, amesimama.

"Haki gani?" akasema. "Nani alisema lazima nikukaribie?"

Sikio liliniuma mpaka jioni.

Kesho yake nilikwenda kwa Kugo. Alikuwa kwenye chai yake, anaondoa magugu. Nilimuuliza maswali yangu moja baada ya jingine, na alijibu kwa utulivu, bila ile mikono. Nadhani mikono ilikuwa ya kituoni. Aliniambia mambo mengi ya kweli. Kwamba propela inaweza kuruka chini, kati ya vilima, polepole kama mwewe. Kwamba inaweza kuingia kwenye wingu na kukaa humo. Kwamba inatua kwenye nyasi, na jeti ikikosa barabara yake ya lami haina pa kwenda. Yote niliyaandika, na niliona upande wake unajaa, nikafurahi.

Swali langu la mwisho lilikuwa jepesi. Nilimuuliza yule mzungu alisema watu walianguka vipi katika vita vile. Kugo alisimama akaegemea jembe.

"Aliniambia wengi walioanguka hawakumwona aliyewapiga," akasema. "Hawakuzungushana. Mtu alikuwa anakwenda zake, akasikia tu."

Alisema hivyo kisha akainama kuendelea na magugu. Mimi nilibaki na kalamu. Nilifikiri kwanza nisiandike. Ilikuwa ni mimi na yeye tu pale. Lakini alikuwa amenijibu kama nilivyomuuliza, na sikuona ningeachaje jibu moja nje ya daftari na kuyaweka mengine yote. Nikaandika.

Alhamisi tulichuma mstari mmoja, mama upande huu na mimi upande ule. Chai ilikuwa imechipuka vibaya sana, ncha mpya kila mahali, kijani ile ya kung'aa, na wote tulijua wiki ijayo lori litazidiwa. Nilimwambia mama nimeshajua. Mikono yake haikusimama.

"Nikisema hivyo, tunaenda nyuma," nikasema.

"Najua njia ya kwenda nyuma," akasema. Baadaye, tukiwa tumefika mwisho wa mstari, akaongeza kwamba watu wale nitakutana nao barabarani maisha yangu yote.

Ijumaa kituo kilijaa. Kulikuwa na watu ambao hawakuwa hata na majani siku hiyo. Nilisimama kando ya mizani na daftari, nikalifungua, nikasoma. Nilisoma polepole kama nilivyoandika.

Nilianza na mambo ya propela, na wamama wakaitikia. Nikasoma kwamba jeti ikishuka chini, ikapunguza mwendo na kuifuata propela kwenye mzunguko wake, jeti itaanguka. Wakapiga makofi. Kijana alitazama barabarani. Halafu nikageuza ukurasa.

"Lakini hakuna kinacholazimisha jeti kushuka. Propela inaweza kukwepa mara moja, inaweza kukwepa mara mbili. Haiwezi kumfikia anayeipiga. Anaweza kwenda na kurudi mpaka atakapoikuta inatazama pengine. Walioanguka wengi hawakumwona aliyewapiga. Kwa hiyo jeti inashinda."

Nilifunga daftari. Hakuna aliyepiga makofi, hata mwenye duka. Kugo alikuwa amekaza macho.

"Hilo la kutomwona," akasema, "umelitoa wapi? Kwenye simu?"

"Hapana, Kugo. Ni wewe."

Alikaa na kofia yake gotini. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, akasema ni kweli, alisema mwenyewe. Aliinuka, akashika kiti chake kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine, akapita katikati ya watu mpaka mwisho wa foleni, akaketi. Mama alivuta gunia letu akamfuata. Mimi nilishika upande wa pili. Kijana akaenda kumchukua mama yake kutoka huko nyuma, akamleta mbele akimshika kiwiko, na yule mama alikuwa anauliza mbona, mbona, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri.

Siku ile lori lilichukua yote. Jumatatu pia. Jumatano ndiyo iliyotupata.

Ilitupata kwa mazoea yetu wenyewe. Tulichuma mpaka saa tisa kama zamani, tukala viazi, tukatembea taratibu. Tulipofika tulikuwa wa thelathini na ngapi, sikuhesabu. Lori lilikuja saa kumi na mbili, limejaa mpaka kwenye milango. Lilichukua watu kumi na tisa. Dereva alisema hatarudi. Niliingiza mkono katikati ya gunia letu, na ndani kulikuwa na joto kama la mdomo wa ng'ombe. Tulilibeba tukarudi nalo, na kesho yake asubuhi tulimwaga majani chini ya chai. Yalikuwa mekundu, yananuka kama matunda yaliyooza. Mama aliyatawanya kwa mguu ili yasikae rundo moja.

Kijana alipita na abiria wakati tunamwaga. Alipunguza mwendo, akatazama, akaenda.

Siku ya kuchuma iliyofuata alikuwa anatungoja kituoni, na tulikuwa tumechelewa tena, ingawa si sana. Alikuja akashika gunia letu bila kuomba ruhusa.

"Mama Propela," akamwambia mama, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa propela uwanjani, "sogea mbele. Utapima nyuma ya mama yangu, kama zamani ulivyokuwa nyuma ya Kugo. Hatukuweka nafasi yako. Tuliweka ya Kugo."

Alisema kwa utani lakini hakuwa anatania. Watu wa karibu walisikia, na wawili watatu walisema ni sawa, ni haki, apite. Nilimtazama mama. Nilitaka sana akubali. Nilikuwa nimebeba lile gunia la moto siku zote hizo kichwani mwangu, hata nilipokuwa nimelala.

Mama aliweka mkono wake juu ya gunia, karibu na mkono wa kijana.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini nikipita leo, kesho watasema huyu wangu alihukumu hivyo akijua tutarudishwa mbele. Liache hapo."

Kijana aliachilia. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha akarudi kwa mama yake, ambaye siku hizo alikuwa anakalia kigoda karibu na mizani na goti lake limenyooshwa mbele. Sisi tulikaa tulipokuwa. Kugo alikuwa mbele yetu kwa watu wawili. Nilikuwa nimemwogopa tangu Ijumaa ile, lakini alinigeukia akaniambia kwamba zamani alikuwa anapima na kwenda nyumbani, hakujua kumbe huku nyuma watu wana muda wa kusikiliza. Halafu akasema kuna swali nililisahau kwenye daftari: jeti imeshinda, propela imeanguka, sasa wingu la mawe linakuja, nani anapaa? Nilimwambia sikuulizwa hilo. Akasema anajua, ndiyo maana ananiuliza sasa. Nilifikiri, na kama kawaida jibu halikuja kwa wakati, naye hakungoja. Alikuwa ameshaanza kuinua mikono kwa ajili ya mtu mwingine.

Siku hiyo lori lilituchukua, magunia ya mwisho kabisa, yamekanyagwa kwa miguu ili mlango ufungwe.

Kesho yake mama aliniamsha kabla ya jogoo wa jirani. Umande ulikuwa mzito, tukalowa mpaka kiunoni licha ya nailoni, na vidole vilikuwa vigumu kiasi kwamba nilivunja ncha badala ya kuzichuma, akanigombeza. Tulichuma mpaka saa tano tu. Gunia halikujaa vizuri. Mama akasema linatosha, tukafunga, na hatukula viazi. Tulitembea kwa haraka, karibu kukimbia, tukiwapita watu waliokuwa bado kwenye chai zao.

Mama wa kijana alikuwa wa kwanza, kigodani. Tukawa wa nne. Karani alikuwa bado hajatundika mizani. Niliweka gunia chini, nikafungua kamba, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Majani yalikuwa baridi.